Kanali Wetherby na Kifungu cha Tisa

Ilitangazwa kwa wakazi wote wa Pexbury, wenye kura na wasio nayo, kwamba Jumanne Kanali Sir Lucius Wetherby, shujaa wa vita vya Korsk, atakubali kuchaguliwa mbunge. Kamati ya Mapokezi ya Ushindi ilishakaa vikao kumi na vinne. Kilichobaki ni uchaguzi wenyewe, nao ulitengewa dakika kumi.

Jabez Tulk, mpiga tarumbeta wa zamani wa kikosi cha Kanali na sasa mtunza farasi wake, alikabidhiwa ratiba. Kifungu cha tatu: Kanali aingie sokoni juu ya Bramble, farasi yuleyule wa Korsk. Cha tano: Tulk apige mlio uleule wa siku ile, bila kupunguza wala kuongeza, kisha kura. Cha tisa alikisoma mara mbili.

"Bwana Crimble," alimwuliza wakala wa Kanali, "hapa mmeandika baada ya ushindi farasi 'ataondolewa katika utumishi wa umma.' Ndiyo kusema nini?"

"Mchinjaji atakuja saa kumi."

"Bramble? Nimemlea miaka kumi na tano!"

"Ndiyo maana tukatumia lugha ya heshima. Mbunge anakwenda London, Tulk. Hawezi kuonekana na farasi mwenye meno matatu."

Sasa, ukweli wa Korsk waliujua watatu tu, na mmoja wao alikuwa anakula majani. Asubuhi ile Tulk aliamriwa apige mlio wa kurudi nyuma. Midomo ikamtetemeka, akapiga mlio wa chakula. Farasi walikuwa na njaa ya siku mbili, na mbele yao, upande wa adui, yalisimama magari ya shayiri. Kanali alifika wa kwanza, amekumbatia shingo ya Bramble, akimlilia mama yake. Ripoti rasmi ikasema "ujasiri usio na kifani." Kanali akapata nishani, Tulk akapata ndoo mpya.

Jumanne soko lilifurika. Mpinzani, Bwana Hobday muuza nafaka, alinyimwa mbao na Kamati, akajijengea jukwaa kwa magunia yake ya shayiri.

"Mimi sijawahi kugeuka nyuma!" alinguruma Kanali kutoka juu ya Bramble.

"Utageukaje na mkanda umekubana hivyo?" akadakia Dorcas Pym, muuza mikate ya nyama.

Tulk akasogea. "Kanali, nipige uleule kabisa?"

"Uleule, bwege wewe! Amri ni amri!"

"Bwana Crimble, andika kwamba nimeuliza."

Crimble akaandika. Tulk akapiga.

Bramble alisimamisha masikio, akasahau uzee wake wote. Alipita katikati ya Kamati kama upepo, akajitosa kwenye jukwaa la Hobday, magunia yakapasuka. Meya, mtu wa utaratibu, alitazama saa.

"Wanaomtaka Hobday, mikono juu!"

Kanali alikuwa kichwa chini ndani ya shayiri, mikono yote miwili hewani. Meya akahesabu mmoja, maana sheria ni sheria. Hobday mia na themanini na moja. Wetherby mia na themanini.

"Napinga!" Kanali alipaza sauti, akitema punje.

"Toa sababu, iandikwe," alisema Meya. "Mlio haukuwa ule wa Korsk?"

Kanali akamtazama Tulk. Tulk akaifuta tarumbeta yake polepole kwa kiwiko.

"Ulikuwa… ule wa Korsk," Kanali akasema.

Crimble akaingiza katika kumbukumbu: *Mgombea alikuwa wa kwanza kulifikia jukwaa la adui.*

Saa kumi kamili mchinjaji akafika na kamba. Tulk akamwekea kidole kwenye kifungu cha tisa, palipoandikwa "baada ya ushindi."

"Ushindi umeuona wapi, kaka?"

"Mimi nimeambiwa kuna mzee wa kuondolewa katika utumishi wa umma."

"Umechelewa, ameshaondolewa," alisema Tulk, akampapasa Bramble shingoni. "Yule pale, anachambua shayiri kwenye masharubu."