Feni Ibaki kwa Kompyuta

Chumba cha nyuma,
Kitandani.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kikao cha Familia, ambaye pia ni binti yangu wa kwanza,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA AZIMIO LA KUNIELEKEZEA FENI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na walimu na wanafunzi wa shule unayoiongoza. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu aliyelala anavyoweza kusema hajambo. Ningekuja kukuona ana kwa ana, ila kutoka kitandani hadi sebuleni siku hizi ni safari ya kufungiwa mizigo, na nikifika nitakuta kikao kimefungwa na chai imekwisha.

Kwa heshima zote, nalalamikia azimio lililopitishwa Jumapili, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nikisikia kila neno, kwamba feni kubwa ya kusimama iache kupuliza kompyuta yangu ya mezani na badala yake inipulize mimi. Ulisema, na hapa nakunukuu, "Feni ni ya mtu, si ya kopo." Wajumbe wakacheka. Mimi sikucheka, kwanza kwa kuwa kicheko kinaniletea kikohozi, pili kwa sababu zifuatazo:

1. Kikao hakikuuliza kompyuta inafanya kazi gani. Mnaikumbuka ile kanda ya video ya zamani. Nilikuwa nimeazima kamera ya shule, nikaiweka juu ya kabati kuijaribu, nikasahau kuizima. Ikamnasa marehemu mama yenu akinisema juu ya redio niliyoifumua kwenye meza ya chakula. "Mwalimu mzima, watu wanakula sahani zikiwa mapajani kama wako safarini, wewe umetandaza nyaya. Utakufa umeshika bisibisi, wewe." Sauti ni nzima. Picha ndiyo iliyooza: ukungu mtupu, hata uso wake hauonekani. Ninyi nyote mnashikilia kwamba alikuwa amekasirika. Mimi nashikilia kwamba alikuwa anatabasamu. Tumebishana tangu tulipomzika. Sasa ipo programu inayosafisha picha za namna hiyo, moja baada ya nyingine, mpaka uso uonekane, na mzigo wote huo unabebwa na prosesa. Programu ilipokadiria, ilisema mwezi na nusu. Daktari alipokadiria, pale koridoni, akidhani nimelala, alisema, "Labda mwezi. Tusimchoshe." Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Hesabu hiyo haikuhitaji karatasi.

2. Kwa hiyo, ama mimi niende polepole, ama prosesa iende haraka. Upande wangu mmeushughulikia vya kutosha kwa kuninyima chumvi. Upande wa prosesa nimeushughulikia mwenyewe, na nasikitika kusikia mjumbe mmoja akisema "mzee anachezea mashine." Sikuchezea. Nilimwomba mdogo wako aipulize vumbi, na kwa kuwa yeye ni fundi majokofu na kupoza vitu ndiyo kazi yake, akaifungia kipoza joto kikubwa cha mapezi, kinachotumia upepo tu, bila maji. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea kabla kompyuta haijawaka sawasawa, nikaipandisha mwendo ngazi moja. Nikaipa programu ya kuibana kwa kazi ngumu, nikatazama joto. Ilipotulia, ngazi nyingine. Ilipoganda, nikarudi nyuma ngazi moja, nikakaa hapo. Umeme wenyewe sikuuongeza ovyo, kwa maana mwendo humchosha mzee, lakini umeme mwingi humuunguza. Siku hiyo hiyo umeme wa mtaa ulikatika na kurudi. Kompyuta ikauliza kitu kwenye skrini, mkaza mwanangu, mke wa mdogo wako, akabonyeza kitufe alichoelekezwa, kazi ikaendelea pale ilipoishia. Tangu hapo joto halijavuka nyuzi sitini. Nitajieni mtu wa umri wangu mwenye matokeo kama hayo.

3. Nalalamikia pia uzembe katika utunzaji wa dawa. Kati ya prosesa na kipoza joto hupakwa krimu ya kijivu, kiasi cha punje ya dengu, ili joto lipite. Bomba lake niliweka kando ya dawa zangu. Mkaza mwanangu, kwa nia njema kabisa, akanipaka lote kwenye goti. Nilimwambia, "Mama, hiyo si yangu, ni ya kompyuta." Akanijibu, "Baba, tulia, usione haya." Ikabidi linunuliwe bomba jingine. Goti langu limekuwa na rangi ya sufuria. Ili kuwa mkweli, limepoa, lakini hilo halibadilishi msimamo wangu.

4. Mtu aliye karibu kuondoka huruhusiwa kuungama, nami nauchukua wasaa huo hapa. Feni hiyo mnayonigombea ilinunuliwa kwa sababu nilionekana natoka jasho jingi. Jasho lile lilikuwa maji ya kikombe. Nilijinyunyizia usoni kila niliposikia nyayo za daktari. Akasema, "Mpatieni mzee upepo," mkakimbia dukani. Basi tangu siku ya kwanza feni ilikuwa mali ya kompyuta, na mimi nilikuwa wakala tu. Azimio lenu limempa wakala mali ya mwenyewe.

5. Mheshimiwa Mwenyekiti, napinga ubaguzi kati ya wagonjwa wawili wa chumba kimoja. Mimi na prosesa sote tumepitwa na wakati, sote hatuna dhamana, na vipuri vyetu havitengenezwi tena. Lakini ona tofauti. Prosesa ilipoganda, niliirudisha ngazi moja nyuma, ikaendelea na kazi. Mimi nilipoyumba mara moja karibu na mlango wa bafu, mlinirudisha mpaka kitandani na kunifungia kazi zote, hata ile ya kumenya viazi. Naomba daktari afuate utaratibu wangu. Anipandishe ngazi moja: hatua hadi dirishani. Anibane kwa kazi, anipime joto. Nikitulia, anipandishe hadi mlangoni, kisha uani. Nikiganda, anirudishe mlangoni, si kaburini. Nilipomweleza hivyo aliandika kitu kirefu, na tangu hapo huniuliza leo ni siku gani.

6. Mwisho, kwa kuwa upepo wa chumba ni mmoja, naomba kikao kipitishe yafuatayo kwa pamoja. Wanaokuja kunitazama wasikae upande wa kompyuta, kwa maana kila mgeni ni jiko linalopumua. Wanaopenda kulia wakalilie sebuleni, unyevu si mzuri kwa mashine. Kompyuta ipewe kiti kwenye kikao, kwa kuwa ndiyo peke yake katika nyumba hii inayofanya kazi usiku na mchana bila kulalamika. Na ikitokea nimetangulia kabla kazi haijaisha, msiizime ili kuweka viti vya wafiwa. Niwekeni mimi nje, feni iendelee. Picha zikikamilika, mje mnisimulie, hata kama nitakuwa siwezi kujibu. Mmezoea kuzungumza nami hivyo tangu mwaka jana.

Hadi sasa nimelinda haki za kompyuta kwa nguvu zangu mwenyewe. Mkaza mwanangu akiigeuza feni kunielekea, naigeuza tena kwa mkongojo. Nasubiri tu atoke na bakuli la uji. Lakini mkono unachoka, na ndiyo maana nimeamua kufuata njia ya maandishi.

Nitashukuru malalamiko haya yakisomwa mbele ya wajumbe wote, kwa sauti, ili nami niyasikie ukutani.

Nisalimie mumeo na watoto. Nisalimie majirani wa kulia, na wale wa kushoto pia, ingawa redio yao inaumiza. Mwambie daktari leo ni Alhamisi.

Wako katika ujenzi wa familia,

Baba yako,
Mwalimu mstaafu, mgonjwa anayeendelea.

Nyongeza. Barua hii imelala chini ya mto muda mrefu nikitafuta wa kukuletea. Mkaza mwanangu alikataa, akasema, "Baba, wifi yangu yupo hapo sebuleni, mwite." Tangu niiandike yametokea mambo mawili.

La kwanza, mdogo wako ameifungua kompyuta apanguse vumbi, akakuta ile betri ndogo ya duara inayotunza mipangilio imekufa kitambo. Maana yake, siku ile ile umeme ulipokatika, prosesa ilisahau kila nilichoifundisha ikarudi kwenye mwendo wake wa kiwandani. Nyuzi sitini nilizojivunia zilikuwa za mashine inayotembea taratibu. Haikuihitaji feni hata kidogo. Kazi imechukua mwezi na nusu, vilevile kama ilivyokadiriwa. Aliyevuka makadirio ni mimi, wala sijui ni nani aliyenipandisha.

La pili, kazi imekamilika. Asubuhi hii nimeitazama pamoja na mkaza mwanangu. Mama yenu hatabasamu. Amekasirika kabisa, mpaka mshipa wa shingo umesimama. Mmeshinda, wajulishe wajumbe. Ila ukungu ulikuwa umeficha kitu kingine. Mezani kuna feni, ile ndogo tuliyokuwa nayo, nami nimeielekeza kwenye redio ipoe. Mama yenu, bila kuacha kunisema, bila hata kuitazama, ananyoosha mkono anaigeuza inipulize mimi. Nami kwenye picha niko bize na bisibisi, sioni.

Kwa hiyo naomba kuzifuta hoja zote, ya kwanza hadi ya sita. Njoo uigeuze feni, mwanangu. Mkongojo haunyanyuki tena, na jasho la safari hii si la kikombe.