Seva ya Mapinga Ilete Barua

Wananchi wote wa Bagamoyo, Kerege na Mapinga walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba hawatalalamika tena kwenye mitandao ya wageni. Kuanzia Jumamosi watalalamika kwenye mtandao wao wenyewe, kila mji na seva yake, yaani kompyuta ya kupokea na kupeleka ujumbe, na seva zote zitaongea kama majirani. Tangazo lilitoka Kitengo cha Manung'uniko, na aliyelitunga ni mkuu wake, Bwana Joachim. Alikuwa amenong'onezwa kwamba shughuli ya uzinduzi ikifana atahamishiwa mkoani, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mkewe alishaanza kuwaaga majirani.

Seva ya Bagamoyo iliwekwa mezani kwa Joachim, juu ya kitambaa cha kufuma. Iliwaka vizuri, ikanguruma vizuri, ila haikuongea na mtu.

"Shikamoo bosi," alisema Sada, fundi wa kitengo. "Tatizo nimeliona. Seva za wenzetu zinapiga hodi, yetu inazikatalia."

"Marahaba. Niliagiza mimi. Zimeleta barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji?"

"Ni kompyuta, bosi."

"Mimi mwenyewe nilipokuja kupanga chumba hapa nilidaiwa barua. Kompyuta ni nani?"

Sada akaeleza kwamba mlango ni mmoja: wa nje wasipoingia, na ujumbe wetu hautoki. Joachim akafurahi, maana usalama ndio huo. Basi kila akimaliza chai akawa anaijaribu seva kwa kuandika yaliyomjaa moyoni. Aliandika kwamba Mama Verdiana, mkubwa wake wa mkoani ambaye ndiye atakuwa mgeni rasmi, huhutubia mpaka pilau inapoa. Aliandika kwamba miwani ya mama huyo ni ya urembo tu. Alijisikia mwepesi, hata shinikizo la damu likashuka.

"Bosi, hizo za majaribio hazijapotea," Sada alimwonya. "Zimepanga foleni, zinangoja mlango ufunguliwe."

"Foleni ni ustaarabu. Ziache."

Jumamosi ikafika. Maturubai yalifungwa, masufuria ya pilau yakapangwa pembeni. Mama Verdiana, mkazi wa Mapinga na mwanachama wa seva ya huko, alishika simu yake.

"Haya, nitumieni salamu nizione."

Salamu hazikufika. Mama akatazama saa, akatazama gari lake. Joachim aliona uhamisho unaota mbawa.

"Fungua mlango!" alimnong'oneza Sada.

"Na barua?"

"Zitafuata!"

"Zote zitoke, bosi?"

"Zote!"

Simu ya Mama Verdiana ikaita, ikaita tena, kisha ikawa haikomi. Akavua miwani ili asome vizuri.

"Futa!" Joachim alimwambia Sada.

"Kwetu nimefuta. Nakala zilizofika Mapinga, mwenye kufuta ni Mapinga."

Joachim akampigia Amiri, fundi wa Mapinga, kwa spika ya simu.

"Hamna neno, mkuu," alijibu Amiri. "Ila tuna utaratibu, tumeuiga kwenu. Mwombaji alete barua ya utambulisho, iliyosainiwa na mkubwa wake."

Mkubwa wake, Mama Verdiana, alikuwa ameyasikia hayo, na ameshashika kipaza sauti.

"Nitakusainia, Bwana Joachim," alisema kwa upole. "Nikimaliza hotuba. Kaa."

Joachim akakaa. Wageni wote wakageuka kuitazama pilau.