Sabaha Afungua Uani Ndani ya Kompyuta

Tegeni masikio, enyi mliosimama foleni ya sukari Kariakoo mpaka miguu ikawaka moto, mpate kusimuliwa vita vya Sabaha binti Mrisho, simba jike wa Magomeni, mlinzi wa kompyuta ya shirika la kugawa sukari!

Idi ilikuwa mlangoni. Malori yalisubiri, lakini pasipo kompyuta kuchapa mgawo, halikutoka gunia. Programu ya mgawo ilikuwa imesahihishwa, na sasa ilibidi itafsiriwe upya, itoke katika maneno ya binadamu iingie katika lugha ya mashine, kazi ambayo humwaga mabaki ya mafaili kila pembe. Juzi tu jemadari Onesphory, mwenzake Sabaha wa zamu, aliitafsiri palepale ilipolala, akafagia mabaki, akaifagilia mbali na programu yenyewe. Ikabaki nakala moja duniani, mikononi mwa Sabaha.

"Nitaifungulia kazi hii chumba chake mbali, humuhumu ndani ya kompyuta!" Sabaha akatangaza.

Hapo akainuka Bwana Sadalla, meneja, ngurumo ya mikutano ya tawi. "Ndugu Sabaha! Taifa zima limehamia vijijini kukaa pamoja, wewe unayatawanya mafaili? Huo ni ubepari! Yote yakae kijiji kimoja!"

"Ndugu Meneja, shikamoo."

"Marahaba."

"Kwako Ilala mnapikia wapi?"

"Uani, wapi tena?"

"Mbona si sebuleni, mkakaa pamoja na masufuria?"

"Masizi yote yale! Mama watoto atanitimua!"

"Basi nami niache nipikie uani."

Meneja akakohoa, akaketi. Sabaha akakifungua kile chumba, akakiita UANI, akaiamuru mashine isome programu pale ilipolala na kumwaga takataka kule UANI. Mashine ikanguruma, ikagoma: nukta moja ilikosekana. Mabaki yakawa yamefurika UANI, na pasipo kufagia hakuna kuanza upya.

Sabaha akainua kidole juu ya kitufe cha kufuta. Onesphory akajifunika uso. Bwana Sadalla, mjamaa wa kutupwa, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kidole kikashuka, UANI yote ikafutika. Sabaha akachungulia: programu imelala palepale, haikupungua hata herufi. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Akaitia nukta yake, akatafsiri tena, na mtambo wa kuchapa ukalia kama mvua juu ya mabati.

Malori yakaondoka mchana uleule. Basi na itangazwe toka Jangwani hata Ilala, vizazi visikie: Sabaha binti Mrisho alifuta kila kitu, na hakikupotea kitu.