Swichi ya Chumbani kwa Bwana Mashine

Wateja wa Saad muuza kahawa, pale Ibighi, walikuwa wameshaimaliza habari ya mitumba alipofika Ambilikile amenuna. Wao humwita Bwana Mashine, maana tangu biashara iwe ruksa kwa kila mtu, yeye anasaga mahindi katika banda nyuma ya nyumba yake.

Akawasimulia kwa uchungu kuwa mkaguzi wa umeme amempitia. Yeye kavuta waya kutoka nyumbani hadi bandani, kazi safi, halafu mtu anakuja na kalamu, anasema kila jengo liwe na swichi yake kubwa ya kukatia umeme, pale pale waya unapoingilia.

"Swichi ninayo," alisema. "Iko chumbani kwangu."

Meshaki, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja, alimuuliza, ikipiga shoti bandani mtu apite wapi kwenda kuizima. Ambilikile akaitaja njia: uani, jikoni, sebuleni, chumbani, nyuma ya kabati.

"Hiyo si swichi, ni safari ya Kyela," alisema Wakili. "Mtu afunge na chakula."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ambilikile akajikaza, akadai sheria hiyo wameitunga wenye maduka ya vifaa. Saad akasema huenda, ila yeye hajaona mtu anayeingia chumbani ili afunge mlango wa choo cha uani.

Mara Ambilikile akamwona mkewe, Tupokigwe, anakuja, kichwa cheupe kwa unga, shoka mkononi.

"Baba Lugano, mkanda wa mashine umenasa kanga ya mteja. Nimekimbilia swichi, nikakuta chumba umekifunga."

Ambilikile akapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwamo. Akauliza kama yule mama ni mzima.

"Mzima. Kanga ndiyo imekwenda. Mlango nimeuvunja, nikazima." Akamtazama. "Nyuma ya kabati nimekuta debe la sukari. Na mimi nakunywa chai ya chumvi tangu Pasaka."

"Kumbe," alisema Wakili taratibu, "mkaguzi hakukagua vya kutosha."

Ambilikile akainuka, akatangulia. Shoka likafuata nyuma.

Siku hiyo hiyo fundi alifunga swichi kubwa bandani. Ama fundi wa mlango wa chumbani, Tupokigwe alisema hana haraka naye.