Kuokoa Spika za Baba

Jumatatu, 9 Machi

Naungama hapa kwanza, maana sijamwambia mtu mwingine yeyote: siwezi kutofautisha sauti safi na sauti mbovu. Kwangu muziki ukisikika, umesikika.

Tatizo ni kwamba leo mezani nimesema naweza.

Mimi! Mimi ambaye nikitumwa dukani naonyesha kwa kidole, kwa aibu ya kuongea! Ilikuwa hivi. Deki ya kaseti ya Baba ilikufa mwaka jana. Spika zake mbili, ndefu kama makabati, zimekaa sebuleni bubu, zimevishwa vitambaa vya kufuma. Mama anaitaka ile kona aweke cherehani. Kaka anasema spika yake, lile kopo lenye taa za rangi, linatosha nyumba nzima. Basi Jumamosi Baba mdogo, anayekodisha viti na maturubai, anakuja kuzichukua. Atazitumia kutangazia watu wapange foleni ya chakula.

Baba hakubisha. Baba ni mpima macho. Kazi yake ni kuuliza watu wanaona nini, si kusema yeye anaona nini. Akaendelea kula, ila nikamwona anavitazama vile vitambaa. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema eti ile kompyuta ndogo niliyopewa na mwalimu wa fizikia nilipomaliza shule naweza kuigeuza mashine ya muziki ya hali ya juu. Eti nina sikio la kazi hiyo.

Kaka akacheka mpaka maji yakampalia. Baba akauliza kama kweli nina sikio. Nikaitikia kwa kichwa. Mara mbili!

Jumanne, 10 Machi

Kompyuta yenyewe ni kijibao kimoja, kinaingia kwenye kiganja. Juu yake kimepachikwa kijibao kingine cha sauti. Hakina kioo wala kibodi. Unakiwekea programu kwenye memori kadi, unakiunganisha na amplifaya ya Baba, ambayo bado ni nzima, unakiamuru kwa simu. Rahisi.

Nimeinakili programu kwenye kadi kama mtu anavyonakili picha. Nikawasha. Taa nyekundu. Nikafua. Taa nyekundu. Nikaanua nguo. Taa nyekundu. Kaka akapita, akainama mbele yake, akasema shikamoo. Labda ni mtu mzima, akasema, inasubiri heshima yake.

Jioni nikasoma maelekezo. Kumbe programu hainakiliwi tu, kuna programu nyingine ya kuiandika kwenye kadi. Nikaandika. Taa ya kijani ikapepesa! Nikaruka. Ikazima.

Jumatano, 11 Machi

Inawaka, inazima. Nimeilaumu kadi, nimemlaumu mwalimu, nimelaumu hali ya hewa. Kumbe ni chaja! Nilitumia ya Kaka, ambayo huchaji simu kwa kuibembeleza. Chaja yenye nguvu ni ya Mama. Nimeiazima bila kumsumbua kwa kumwomba.

Imewaka, imekaa. Ukurasa wake ukafunguka kwenye simu yangu, nikabonyeza wimbo wa majaribio. Hakuna aliyeniambia kwamba mara ya kwanza inaanza na sauti mwisho kabisa. Vitambaa viliruka. Mama alikuwa anatunga uzi na hadi sasa sindano haijulikani ilipo. Ameuliza pia kwa nini simu yake imezima.

Baba alisikiliza aliporudi kazini. Akaniambia vizuri, mama, vizuri, kwa sauti ile anayomwambia mteja aliyechagua fremu mbaya. Kisha akauliza kama humo ndani na kaseti yake ipo.

Kaseti anayoijali ni moja tu. Kabla hajasomea macho alifanya kazi kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa na bendi. Bendi ikarekodi kaseti moja, kiwanda kikafungwa, basi. Mtandaoni haipo. Nimetafuta nikaambulia matangazo ya mapazia.

Nikamjibu ipo.

Haipo!

Alhamisi, 12 Machi

Mpango mpya. Redio ya Mama ya jikoni bado inacheza kaseti. Haina tundu la waya, nimeizungusha yote. Kwa hiyo nikaweka kaseti ndani, simu yangu mbele yake, tukarekodi kwa hewa. Mafua yamenikaba, nikajizuia kadiri binadamu anavyoweza. Mama alikuwa anachemsha viazi. Nikamwomba kwa ishara asiongee. Kweli hakuongea.

Kisha nikaligeuza faili kuwa la aina ile nzito wanayoisifu wataalamu wote. Likavimba! Kitu kizito hivyo kitakosaje kuwa bora?

Nimesikiliza mwanzo wake kwenye spika. Ni muziki. Safi au mbovu, sijui. Ningemuuliza nani, na mwenye sikio humu ndani ni mimi?

Ijumaa, 13 Machi

Kaka ni adui. Amegundua kwamba mashine yangu inaonekana kwenye simu yake, kwa kuwa sikuiwekea neno la siri. Baba ametulia kwenye kiti, spika zikaanza kutangaza mpira. Goli! Kikombe kikamwagika. Kaka akasema hata yeye ameshangaa, labda mashine ni shabiki.

Nimeiwekea neno la siri gumu, lisiloweza kukisiwa na mtu yeyote. Nimelisahau. Nimeandika kadi upya tangu mwanzo.

Mama ameshaisogeza cherehani mpaka mlangoni mwa sebule.

Jumamosi, 14 Machi

Baba mdogo alikuja asubuhi na gari la viti na kamba mpya. Shemeji, akamwambia Mama, leo kona yako unayo. Kaka akajitolea kubeba. Kaka ambaye ukimwambia abebe ndoo mgongo unamuuma!

Baba akaomba jambo moja tu. Akamkalisha mdogo wake kwenye kiti, akamwambia afumbe macho, kama anavyowapima wateja, ila wale huwa wanafumbua. Likacheza kopo la Kaka. Kisha zikacheza spika, kaseti ya kiwandani. Ya kwanza, au ya pili? Baba mdogo akajibu zote sawa, ila ya pili itamvunja mgongo. Kaka akapiga makofi. Baba mdogo akaanza kukunjua kamba. Wimbo ukaendelea, hakuna aliyekumbuka kuuzima. Baba alikuwa ameshashika kitambaa cha kwanza ili akivue.

Hapo mtu akakohoa, katikati ya wimbo.

Baba akainua mkono. Akasema turudie pale. Nikarudisha. Kikohozi kifupi, kikavu. Baba akasema kaseti ile ameisikiliza tangu ujana wake na hajawahi kukisikia. Akasema ni mpiga besi, hakuna mwingine, yule alikuwa na kifua lakini hakosi mazoezi hata akiumwa. Akatuonyesha na alivyokuwa akikaa, goti moja juu. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Kikohozi kile ni changu.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini kwenye kiitikio ikaja: tang! Baba karibu aangushe miwani. Matoazi! Hakujua bendi ilikuwa na mpiga matoazi hodari namna ile. Sikilizeni, akasema, wimbo mzima amepiga mara moja tu, na mahali panapostahili. Huo ni mkono wa msanii.

Nikamtazama Mama. Mama anakijua kifuniko cha sufuria yake. Akafungua mdomo. Nikajua nimekwisha. Baba akarudia: mkono uliotulia sana, hajapata kuona. Mama akafunga mdomo. Akaziweka sawa nywele zake. Akasema polepole kwamba hata yeye anaona mpigaji huyo ana kipaji, na labda hakuwahi kusifiwa vya kutosha.

Baba mdogo akafumba tena macho bila kuambiwa. Akataka turudi kwenye kikohozi. Halafu kwenye matoazi. Halafu kikohozi. Mwisho akasema spika za kumfanya mtu asikie mambo hayo si za kutangazia foleni ya sahani, akaikunja kamba yake akaondoka.

Cherehani imewekwa chumbani kwa Kaka.

Jumapili, 15 Machi

Nimeamka nimeamua: kuanzia leo ni ukweli tu. Nikaanza kwa kuisafisha redio ya Mama. Ubavuni kumbe kuna tundu la waya! Liliziba kwa unga ulioganda. Naweza kurekodi kaseti nzima upya, safi, bila jikoni. Nikaenda kumwambia Baba kila kitu.

Baba alikuwa kwenye simu. Baba, ambaye humpigia mtu simu akifiwa tu! Alikuwa amemtafuta yule mpiga besi. Hawajaonana tangu kiwanda kifungwe. Alikuwa anamwambia kikohozi chake kimepatikana. Mzee wa watu akasema hakikumbuki, ila amefurahi mno kuwa kipo. Jumapili ijayo anakuja kujisikia mwenyewe. Baba akafunika simu kwa kiganja, macho yanang'aa, akaniuliza kama upande wa pili wa kaseti nao ana mahali amekohoa.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikasema amekohoa, tena amepiga na chafya.

Tundu la redio nimelirudishia unga, upande wa pili tutaurekodi kwa hewa, jikoni. Mama anajaribu vifuniko kimoja kimoja na amekataa katakata kupiga mara moja tu. Tatizo ni mafua: yamepona. Nimeosha nywele kwa maji baridi, nimekaa dirishani kwenye upepo. Mpaka sasa hakuna kitu, hata pua haijawasha.

Wewe unayesoma hapa, sikujui, na naona aibu kukuomba. Lakini ukija Jumapili ukanisikia nyuma ya besi, tafadhali, usiseme ni mimi.