Sweta la Misuko na Uzi Usiofungwa

Jumatatu, 3 Juni

Imeamuliwa. Mke wangu anakwenda kwa binti yetu, kule milimani kwenye baridi, kumsaidia atakapojifungua. Anaondoka katikati ya mwezi ujao. Nimemuuliza atakaa muda gani. Akasema, mpaka mtoto apate nguvu.

Nguvu za nini, hakufafanua. Za kuketi? Za kutambaa? Mtoto akishatambaa husimama, na sijawahi kusikia bibi aliyefunga mizigo wakati mjukuu ndiyo kwanza anasimama. Nilipofika mwisho wa mawazo haya nilimwona mjukuu ana begi la shule mgongoni, bibi yake anampungia mkono mlangoni, nami huku nakwangua sufuria iliyoungua.

Mtu aliyefundisha jiografia maisha yake yote hamwambii mkewe arudi upesi. Anatafuta mbinu.

Mbinu imenijia nikipiga mswaki. Nitamfumia sweta. Tena si sweta la hivi hivi, bali la misuko, lile lenye kamba nene zinazopandana kifuani kama nywele zilizosukwa. Akilivaa, atanikumbuka. Akinikumbuka, atarudi. Nimelitazama wazo hili kutoka kila upande na sioni kasoro.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda dukani kwa Mama Nyuzi kununua sufu. Nimechagua rangi ya maziwa. Mpaka leo nimefuma skafu tu, kazi niliyojifunza baada ya kustaafu. Skafu ni kitu cha ukarimu, shingo yoyote inaitosha. Sweta lina mabega, na mabega hayasamehe.

Mama Nyuzi amenieleza msuko unavyofanywa. Unafuma mpaka mahali pa msuko, unatoa vitanzi vichache na kuviegesha pembeni kwenye sindano ya tatu, fupi. Unafuma vile vinavyofuata, kisha unavirudia vile ulivyoviegesha. Vilivyokuwa nyuma vinatangulia, vilivyotangulia vinafuata, na kamba inajipinda yenyewe. Nimependa sana. Ni kama kuwapisha wageni mlangoni.

Kisha akaharibu. "Mwalimu, misuko inakula upana," akasema. "Fuma kwanza kipande kidogo kama kiganja, ukipime, ndiyo uanze."

Nimemshukuru kwa adabu. Nikamweleza kwamba nimefundisha vipimo vya ramani kwa miaka mingi, na kwamba mtu anayeweza kupima ziwa kwenye karatasi hashindwi na kifua cha mkewe. Nikamfafanulia uwiano, kwa mifano. Mteja aliyekuwa nyuma yangu akaaga. Mama Nyuzi akanipa ile sindano fupi. Nikaikataa. Ninayo penseli nyekundu ya kusahihishia, inafanya kazi ile ile.

Imebaki kupata kipimo bila mwenyewe kujua. Hilo nalo nimelimaliza mchana huu huu. Nyuma ya mlango wa jikoni linaning'inia koti la kijivu analovaa kila asubuhi akiwasha jiko. Alipotoka kwenda kwa jirani, nililipima kwa kamba ya kuanikia nguo, nikipiga fundo kila mahali muhimu: kifua, mabega, mikono. Mfukoni mlikuwa na vumbi la chaki. Masikini mke wangu. Kuishi na mwalimu kunamwingia mtu mpaka mifukoni.

Jumamosi, 15 Juni

Nafumia stoo. Kuna dirisha dogo juu ya magunia, na jua la alasiri linaingia humo kama mgeni asiye na haraka, linakaa kwenye goti langu la kulia, kisha linahamia la kushoto. Mistari inaongezeka. Misuko inajipinda.

Leo nimeigundua siri yake: ni mito. Ukiutazama msuko kwa macho yaliyolegea, unaona mito miwili imeshuka nyanda za juu, imekutana, imepishana, moja imepita chini ya nyingine bila ugomvi, na kila moja imeendelea na safari. Nimekaa nikiifuata mito yangu mpaka penseli ikaniponyoka. Nikaota kidogo. Kwenye ndoto mke wangu alikuwa anashuka na maji, ameketi kwenye kiti chetu cha sebuleni, anamenya viazi.

Niliamka na kukuta nimepindisha msuko mmoja kinyume. Nimeuacha. Hata mito hubadili njia.

Tatizo dogo: penseli inaacha wekundu kila panapopindwa. Nitauita mapambo.

Mke wangu aliuliza nafanya nini huko stoo siku nzima. Nikasema napanga ramani za zamani. Akasema ni jambo jema, akanitoa manyoya ya sufu kwenye ndevu, akaenda zake. Hakushuku hata chembe.

Jumanne, 25 Juni

Maafa. Shemeji amegundua.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Ni fundi cherehani, na ana tabia mbaya ya kumpima mtu kwa macho huku akimwamkia. Alikuja kuazima ngazi, akaingia stoo bila hodi, akanikuta na mgongo wa sweta mapajani na penseli mdomoni. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia.

Sikuona njia ila kumweleza mpango wote. Alinisikiliza kwa makini yasiyo ya kawaida yake, kisha akasema, "Lakini shemeji, mtu unayemtaka arudi unamfumia nguo ya baridi? Ungemwacha atetemeke. Angekuwa hapa kabla basi halijageuza."

Nilimweleza mambo fulani kuhusu mwinuko wa nchi na halijoto, lakini hata mimi sikujisikiliza.

Aliponiona nimenyong'onyea, akaongeza chumvi. Akaufungua ule mgongo, akauliza upana wake nimeutoa wapi. Nikasema ni siri ya kitaaluma. Akavua futi yake shingoni akanipa. Nikamrudishia. Akasema basi na tuwekeane ahadi: sweta likimtosha dada yake, yeye atavaa ile skafu yangu ya kijani, ile yenye matundu nisiyoyakusudia, dukani kwake mbele ya wateja, mwezi mzima. Lisipomtosha, mimi nitamwita Fundi Mkuu mbele ya ukoo wote.

Nimekubali. Lakini si ukoo uliokuwa ukinikaa rohoni alipoondoka. Ni lile basi. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, ninamfumia mke wangu sababu ya kutorudi.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepata. Nashangaa sikuliona mapema.

Mikono ya sweta hufumwa kuanzia begani kushuka kifundoni. Kwa hiyo mwisho wa uzi uko kwenye kifundo. Ukiufunga vizuri, mkono unadumu. Usipoufunga, kitanzi cha mwisho kinaachia, kinamwambia mwenzake, naye anaachia, na sweta linaanza kufumuka polepole kuelekea kiwiko. Anayeweza kulirekebisha ni aliyelifuma. Aliyelifuma yuko hapa. Kwa hiyo mvaaji atarudi hapa. Ni mantiki safi.

Mkono wa kulia nitaufunga. Wa kushoto nitauacha.

Alasiri, jua lilipokuwa kwenye goti la kushoto, nikaiona picha nzima. Uzi wa rangi ya maziwa ukitoka kwenye kifundo cha mke wangu, ukipita chini ya mlango wa binti yetu, ukishuka mlima, ukifuata barabara kona kwa kona, juu ya madaraja, mbele ya maduka yaliyofungwa, mpaka kwenye kizingiti chetu. Na mimi nimekaa hapa na bonge la uzi mkononi, nakunja taratibu. Sivuti. Nakunja tu, na kila nikikunja yeye anasogea.

Ilikuwa picha nzuri mpaka nilipouona mkono wake. Ulikuwa wazi hadi begani, na vipele vya baridi.

Jumapili, 14 Julai

Limekwisha. Nimelilowesha ndani ya beseni kama Mama Nyuzi alivyoelekeza, ili nyuzi zitulie. Maji yakawa mekundu. Nilipolitoa, alama za penseli zilikuwa zimesambaa na kuwa waridi hafifu, kama mawingu ya asubuhi. Nikalilaza juu ya taulo stoo na kulitazama muda mrefu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii.

Kisha nikaleta kamba yenye mafundo. Kamba ilizidi. Ilizidi kifuani, ilizidi mabegani, ilizidi kote. Misuko imekula upana, tena haikubakiza hata wa dawa.

Nikalivaa mwenyewe nilipanue. Kichwa kiliingia. Mkono mmoja uliingia. Hapo safari ikaishia. Nilikuwa gizani ndani ya sufu mbichi, nikipapasa magunia, niliposikia sauti ya mke wangu kutoka jikoni.

"Mwalimu, hizo ramani zinahitaji msaada?"

Nikajibu kwamba zinakunjika vizuri.

Anaondoka kesho. Nimelifunga sweta kwenye karatasi. Kabla ya hapo nilichukua sindano niufunge ule uzi wa kushoto. Nikaiweka chini. Nikaichukua tena, nikaufikiria ule mkono wenye vipele. Nikaiweka. Mimi si mtu mbaya. Ila nyumba hii ina vyumba vingi kwa mtu mmoja.

Jumatatu, 15 Julai

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwa kimevimba.

Asubuhi shemeji alikuja kubeba mizigo. Nikamkabidhi mke wangu kifurushi, na papo hapo nikaanza kumweleza tabia za sufu, kwamba hujinyoosha kadiri siku zinavyokwenda, kwamba wembamba wa mwanzo ni kawaida. Aliendelea kufungua. Alilitazama mbele na nyuma. Akalivaa.

Likamkaa. Sisemi lilimwingia, nasema lilimkaa. Mabega yalikutana na mabega, misuko ikashuka kifuani bila kuvutika wala kulegea, kifundo kikaishia penye kifundo. Shemeji akamzunguka. Akavuta hapa, akabonyeza pale, kama fundi anayetafuta makosa ya mwenzake. Hakuyapata.

Mke wangu akagusa zile alama za waridi. "Umenisahihisha kila mahali," akasema.

Kisha akaenda nyuma ya mlango wa jikoni, akalichukua lile koti la kijivu, akanitundikia mabegani. "Haya, shika koti lako. Nimelivaa tangu ulipostaafu, na wala hukuwahi kuuliza liko wapi."

Lilinitosha kabisa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikagusa chaki.

Shemeji akalitazama koti, akalitazama sweta, akafumbua mdomo. Dada yake akamkanyaga mguu. Lakini tulipofika kituoni, mke wangu akiwa ndani ya basi akitafuta kiti, shemeji hakuweza kuvumilia. Akaninong'oneza kwamba nilipima koti langu mwenyewe, pana kupita kiasi, kisha misuko ikaula upana uliozidi. "Makosa yako mawili yamekutana njiani, shemeji, yakasalimiana."

Nikamwambia huo ndio unaoitwa uwiano, na skafu ya kijani iko sebuleni, kwenye kiti.

Basi liliwashwa. Mke wangu alitoa mkono wa kushoto dirishani kuniaga, na uzi ukaonekana. Mrefu kama kidole, ukicheza na upepo. Naye akauona. Akaniuliza ni nini hicho. Nikaanza kueleza kuhusu kupitisha hewa.

Alinitazama vile anavyonitazama ninapoeleza. Shemeji, aliyekuwa na sindano kwenye ukosi wa shati kama kawaida yake, akasema ataufunga sasa hivi. Mke wangu akaurudisha mkono ndani.

"Uache," akasema. Akauzungusha ule uzi kwenye kidole chake, mara moja, taratibu. "Ukifika kwenye kiwiko, nitajua muda umetosha."

Basi likaondoka. Nilibaki nimesimama ndani ya koti langu mpaka shemeji akaja kunishika kiwiko, cha kushoto, bila kujua amenishika wapi.

Alhamisi, 18 Julai

Amepiga simu. Amefika salama, mtoto bado, baridi kali. Binti amemwambia sweta linafumuka, akataka kulifunga, naye akampiga kofi mkononi. Nikauliza uzi umefika wapi. Akasema sasa ni siku tatu tu, niache kusumbua. Nikauliza tena. Akasema umepita mfupa wa kifundo. Nimekaa na jibu hilo dirishani, chai ikapoa.

Shemeji amepita na skafu ya kijani shingoni. Anasema wateja wawili wameulizia imeshonwa wapi. Amekasirika sana.

Mchana nimekwenda kwa Mama Nyuzi kumpa matokeo. Nilimweleza kwamba kipande cha majaribio hakina haja, kwamba koti lolote la familia linatosha kama kipimo, na kwamba misuko haili upana bali huupanga. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamfafanulia upya, kwa mifano, na mchoro juu ya karatasi ya kufungia. Akaniuliza nataka sufu ya nini safari hii.

Ya mjukuu, nikasema. Sweta la misuko, rangi ya maziwa.

Akaniuliza kama nina kipimo cha mtoto. Nikamkumbusha kwamba mtoto hajazaliwa, kwa hiyo kupimwa kwake ni suala la hesabu. Nimerudi nyumbani, nimelitandaza koti mezani na kugawanya vipimo vyake. Penseli nyekundu imeisha, nimepata ya kijani. Jua limefika kwenye goti la kulia, na mto wa kwanza umekwisha kuanza kushuka.

Mkono wa kushoto sitaufunga. Na huyu naye lazima aletwe hapa kurekebishiwa.