Huenda Haikaushi Nguo

Kwako Mkurugenzi wa Utabiri wa Hali ya Hewa,

Natumaini umeamka salama na nguo zako ni kavu. Mimi ni dobi. Nafulia uani kwangu, nyuma ya duka la vioo, kwa mabeseni yangu, pasi mbili, kamba iliyofungwa ukuta hadi ukuta, na mume ambaye ni fundi viatu na mshauri nisiyemwomba ushauri. Wateja huniita Mama Pasi. Kwa heshima zote, nalalamikia neno lako moja: "huenda".

1. Ijumaa redio ilisoma utabiri wako kwamba kesho yake huenda mvua ikanyesha katika baadhi ya maeneo, uwezekano asilimia hamsini. Mheshimiwa, hamsini hata mimi ninayo, tena bila mitambo. Jumamosi asubuhi nilikuwa na shuka za nyumba ya wageni, mara ikaletwa suti nyeupe ya kijana wa fundi bomba. Shangazi yake alikuwa ameimwagia chai, na kijana anaoa alasiri hiyohiyo. Nianike nje au ndani? Mume wangu akasema, "Hamsini maana yake nusu. Anika nusu." Nikamsikiliza, kosa ambalo halihusu ofisi yako. Shuka nikazitoa nje, suti nikaitundika chumbani. Njia mbili zilimshinda fisi, mimi nikajiona nina miguu mingi kuliko yeye.

Mvua ikashuka juu ya shuka. Nikazianua mbio, nikaziingiza ndani. Kufumba na kufumbua, jua hilo, linawaka kama limelipwa! Nikasema hunipati tena, huo ni mtego. Nikaacha kila kitu ndani. Jua likawaka mpaka alasiri.

2. Bwana harusi alipokuja kuchukua suti, nilikuwa nimeipiga pasi hadi chumba kikajaa mvuke. Akaipapasa. "Mama Pasi, mbona kama ina maji?" Nikamwambia huenda ni ubaridi wa kitambaa. Unaona, Mheshimiwa? Neno lako linaambukiza.

Akaivaa, akaenda, akaketi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Aliposimama, kiti kilikuwa na ramani. Bibi yake bi harusi, ambaye masikio yake ni mazito na kwa hiyo huongea kwa sauti, akauliza, "Huyu ndiye tunayempa mtoto wetu? Siku ya kwanza tu ameshindwa kujizuia!" Mtu wa nyuma akadakia kwamba ni aibu mwana wa fundi bomba kuvuja. Shughuli ikasimama. Nikaitwa kutoka uani na mapovu mikononi, nikaapa mbele ya wakwe kwamba maji yale ni ya beseni langu. Ndoa ikafungwa, bi harusi akicheka hadi wanja ukamchuruzika. Ila mama yake bwana harusi sasa akiniona anavuka barabara.

3. Shuka zilifika nyumba ya wageni zikinuka uvundo. Mgeni mmoja alikataa kuzilalia, akalala juu ya taulo. Mama mwenye nyumba hiyo ameniambia kistaarabu kwamba zikinuka tena, ananunua mashine ya kufulia. Yule mama ndiye mteja anayetusomeshea watoto. Mashine haiangalii mawingu.

4. Kwa hiyo naomba, kwanza, useme inanyesha au hainyeshi. Ikishindikana, nipatie ofisa wako mmoja akae uani kwangu, aangalie juu na kuniambia "anika" au "anua". Chakula ni juu yangu. Asiwe mwoga wa bata, maana ninao uani na wanadonoa.

Na kwa kuwa serikali haishindwi na jambo, nimeona tusiishie kwenye mvua. Kila siku tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Muuza tikitimaji anajua lipi halijaiva, ananyamaza. Mwenye nyumba anajua paa linapovuja, anapaka rangi. Mchumba anajua kwamba anakoroma, anasema yeye hulala kama malaika. Sisi tunaoamua gizani ndio tunaoumia. Naomba ufikishe kwa wakubwa pendekezo la sheria: anayejua jambo aliseme lote kabla mwenzake hajaamua, na aulizwaye ajibu ndiyo au hapana, pasipo kuzungukazunguka.

Wasalimie wote ofisini, pamoja na yule dada anayesoma utabiri kwa sauti tamu. Mume wangu anakusalimu pia. Anasema ungechukua ushauri wake.

Wako mwenye kamba iliyolowa,
Mama Pasi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, wageni wameingia kumposa binti yangu. Familia nzuri, wana duka la vitambaa. Mama mtu ameniuliza kama binti anajua kupika na kama ni mpole. Nimemwambia binti ni zawadi ya Mungu, nikamwongezea chai. Wanataka jibu leo, nimewaambia tupeni wiki mbili tutafakari, wasije wakadhani tuna haraka. Binti mwenyewe yuko jikoni anaunguza maharage na kuyatukana. Nimefunga mlango na kuwasha redio. Ile sheria, Mheshimiwa, tafadhali ianze baada ya harusi.